Jicho Linapocheza: Matone Si Jibu la Kila Kope

Katika pwani ya Afrika Mashariki, na hata bara, jicho halichezi bure. Wapo wasemao kwamba la kulia likicheza huleta heri na la kushoto huleta kilio. Wapo wanaoigeuza kauli hiyo. Na wapo wanaotenganisha kope ya juu, ambayo kwao ni dalili ya kuonana na mgeni wa mbali, na kope ya chini, ambayo ni dalili ya machozi. Kwa hiyo mgonjwa anayeingia zahanati na kusema, “Daktari, jicho linanicheza,” mara nyingi ameleta mambo mawili kwa pamoja: usumbufu wa mwili, na hofu ambayo hataitaja asipoulizwa. Pengine ana mtoto aliye safarini. Pengine ana mzazi mgonjwa kijijini, na kwa siku tatu kope ya chini haijatulia.

Kinachofuata aghalabu ni kitendo kidogo kisichotiliwa shaka na mtu. Mtoa huduma anatupia macho foleni iliyo nje, anaandika dawa ya matone, na mgonjwa anaondoka ameridhika kwa kuwa ana kichupa mkononi. Baada ya wiki mbili kope imetulia, kama ambavyo ingetulia pasipo kichupa hicho, na sifa zote zinakwenda kwa dawa. Jicho likicheza tena mwaka unaofuata, mgonjwa haendi zahanati. Anakwenda duka la dawa na kutaja jina lile lile, na jirani yake naye anaelekezwa. Mazoea haya yanapaswa kukomeshwa. Hayapotezi fedha tu, bali yanawadhuru watu wawili tofauti: yule ambaye hakuhitaji dawa yoyote, na yule mmoja kati ya wengi ambaye alihitaji jambo jingine kabisa na hakuulizwa.

Inafaa kuanza na yule wa kwanza, kwa sababu ndiye anayeonekana kila siku.

Kope hufungwa na msuli wa duara unaolizunguka jicho kama uzi uzungukavyo mdomo wa mfuko. Msuli huo hupokea amri kutoka neva ya saba ya fuvu, yaani neva ya uso. Kuinua kope ya juu ni kazi ya msuli mwingine, unaoendeshwa na neva ya tatu. Tofauti hii si ya darasani peke yake. Kope inayocheza inazungumza habari za neva ya saba na msuli wake. Kope inayolegea na kushuka inaelekeza kwingine, na mgonjwa wake ana safari nyingine ya uchunguzi. Wengi huyachanganya mawili hayo na kuandika kwenye faili “tatizo la kope,” maneno ambayo hayamsaidii daktari atakayefuata.

Hali ya kawaida kuliko zote kitaalamu huitwa miokimia ya kope. Nyuzi chache za msuli hujikaza na kujilegeza zenyewe pasipo amri, na mgonjwa huhisi kama mdudu anayetembea chini ya ngozi. Huwa ni jicho moja, na kwa kawaida kope ya chini. Huja kwa vipindi vya sekunde chache, hutulia, kisha hurudi. Mgonjwa huamini kwamba kila mtu anamwona, ilhali anayeketi mbele yake huweza kutazama kwa dakika nzima asione kitu, au akaona mtetemo mdogo kama wimbi la maji kwenye sahani. Jicho lenyewe halitikisiki, uoni haupungui, kope haijifungi. Hali hii huweza kudumu siku kadhaa au wiki kadhaa, na kwa wachache hata miezi, kisha ikaondoka kimya kimya kama ilivyokuja.

Visababishi vyake havihitaji maabara. Ni uchovu, usingizi pungufu, msongo wa mawazo, kafeini nyingi, tumbaku, pombe, na macho yaliyokauka au yaliyochoshwa. Wauguzi wa zamu ya usiku wanaijua hali hii kuliko vitabu vinavyoieleza: usiku wa nne mfululizo, chai ya rangi ya tatu, na kope inaanza kucheza alfajiri wakati wa kukabidhi wodi. Wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani wanaijua. Dereva wa basi la masafa marefu anaijua, na kwake ni onyo la kusimama kulala kabla ya kuwa dalili ya ugonjwa wowote.

Kuhusu kafeini, mashauri mengi huishia kwenye maneno “punguza kahawa,” na mgonjwa ambaye hanywi kahawa huondoka akijiona amesalimika. Kafeini imo katika chai, imo katika soda nyeusi, na imo kwa wingi katika vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo siku hizi huuzwa kila kibanda. Kopo moja la mililita 250 la kinywaji cha aina hiyo kwa kawaida lina takriban miligramu 80 za kafeini, na kijana anayeendesha bodaboda huweza kunywa matatu au manne kwa siku bila kujihesabia kwamba ametumia kitu. Kwa mtu mzima mwenye afya, miligramu 400 kwa siku ndizo hutajwa kuwa kikomo cha usalama. Kwa mjamzito ni 200. Jambo la pili ni saa. Mwili wa mtu mzima huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini aliyokunywa. Aliyekunywa saa kumi jioni bado ana nusu yake saa tatu usiku, na anapojigeuza kitandani saa sita usiku hajui kwamba anapambana na kikombe cha jioni. Mirungi haina kafeini, lakini ina kichangamshi kingine kinachofukuza usingizi vilevile, na mgonjwa wa maeneo inakotafunwa anafaa kuulizwa bila kukemewa.

Ukavu wa macho nao haupewi uzito wake. Mtu hupepesa kope karibu mara 15 kwa dakika. Anapokodolea macho simu au kompyuta, idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na machozi yanayoulainisha uso wa jicho hukauka kabla ya kutandazwa upya. Ongeza vumbi la barabarani, moshi wa kuni, na feni inayopuliza moja kwa moja usoni. Hapa, kwa kweli, matone yana nafasi yake: machozi ya bandia, yasiyo na dawa ya kuua bakteria wala steroidi. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa juu ya kope kwa dakika chache husaidia pia, na hakigharimu kitu.

Vidonge vya magnesi, ambavyo hupendekezwa kila mahali kwa kope inayocheza, havina ushahidi wa kutosha wa kupewa kila mtu. Mwenye upungufu wa kweli wa madini huonekana kwa dalili nyingine: ganzi vidoleni na mdomoni, mikakamao ya mikono, au historia ya upasuaji wa tezi ya shingo, ambao huweza kuteremsha kalisi. Huyo apimwe damu. Wengine walale.

Sasa kichupa. Dawa za matone zinazotolewa kiholela ni za aina mbili. Za kwanza ni zile za kuua bakteria, ambazo hazina bakteria wa kuua kwenye kope inayocheza. Ubaya wake ni kufuga usugu wa vijidudu na kumpotezea mtu fedha. Za pili ni hatari zaidi: zile zenye steroidi, kama deksamethasoni, peke yake au ikiwa imechanganywa na dawa ya bakteria katika kichupa kimoja. Mgonjwa huzipenda, kwa kuwa hutuliza haraka jicho lenye wekundu au muwasho. Lakini kwa watu wengi steroidi inayotumika kwa wiki kadhaa huongeza shinikizo la maji ndani ya jicho. Ongezeko hilo halina maumivu. Neva ya kuonea huliwa polepole kuanzia pembezoni mwa uoni, na mgonjwa hugundua anapoanza kugonga milango. Hiyo ndiyo glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, na kilichopotea kwa njia hiyo hakirudishwi na dawa wala upasuaji. Watu wa asili ya Kiafrika tayari wamo katika kundi linalopata glakoma kwa wingi na mapema zaidi. Kumpa mtu wa kundi hilo steroidi ya matone kwa sababu ya kope iliyokosa usingizi, kisha kumwachia jina la dawa ajinunulie miaka nenda miaka rudi, ni kumpa ugonjwa wa kweli badala ya usumbufu wa muda. Steroidi hiyo hiyo huchochea vidonda vya jicho vinavyotokana na virusi vya hepesi na vile vya fangasi, ambavyo mkulima aliyechomwa na jani la muhindi au la mpunga huweza kuwa navyo bila kujua.

Huenda mtoa huduma akajitetea kwamba mgonjwa asiyepewa dawa huona hakuhudumiwa. Utetezi huo una ukweli, na haufai kudharauliwa na wakubwa walio katika hospitali zenye wataalamu wa kila kiungo. Mtu aliyetembea saa mbili na kulipa nauli hawezi kuambiwa “si kitu, nenda nyumbani.” Maneno hayo ni mabaya kuliko kichupa, kwa sababu hofu aliyokuja nayo hurudi nayo, na kituo chake kinachofuata si lazima kiwe hospitali. Lakini kati ya kichupa na “si kitu” ipo njia ya tatu, nayo ni maelezo. Mgonjwa aelezwe kwamba ni msuli mdogo uliochoka. Kwamba neva yake ni nzima. Kwamba hali hii haitangulii kiharusi wala haiharibu macho. Kwamba itachukua siku au wiki kadhaa. Na aambiwe ni dalili zipi zikitokea arudi. Aulizwe pia, kwa heshima, kama yeye au mama mkwe wake amelichukulia jicho hilo kuwa ni ishara ya jambo. Anayeulizwa hivyo huwa kwanza anacheka, kisha anasema kinachomsumbua. Mara nyingi hicho kinachomsumbua ndicho kilichomnyima usingizi, na usingizi ndio ulioichezesha kope. Mnyororo huo hauonekani kwa tochi.

Yule wa pili ndiye sababu ya haya yote kuandikwa.

Mwanamke mwenye miaka 55 au 60 anaanza kupepesa macho kuliko kawaida. Anahisi mchanga machoni na mwanga wa jua unamkera. Anapewa matone. Baada ya miezi kadhaa kope za macho yote mawili zinaanza kujikaza zenyewe, kwanza kwa muda mfupi, kisha kwa sekunde nyingi. Anapewa matone mengine. Anapovuka barabara kope zinafunga, na anasimama katikati akisikia honi asizoziona zinatoka wapi. Anaacha kwenda sokoni. Akipelekwa hospitali, anapimwa uoni kwa kulazimisha kope zifunguke, na jibu linakuja kwamba macho ni mazima. Kwa nini basi haoni? Nyumbani minong’ono inaanza: anajifanya, amerogwa, amepandwa na kitu. Macho yake ni mazima kweli, na bado ni kipofu kwa nusu ya siku.

Ugonjwa huo huitwa blefarospazimu. Si ugonjwa wa jicho, bali ni hitilafu ya sehemu za ndani za ubongo zinazoratibu mijongeo, aina ya distonia iliyojikita katika misuli ya kufunga kope. Huwapata zaidi wanawake, na zaidi baada ya miaka 50. Huzidishwa na mwanga mkali, upepo, kusoma na wasiwasi. Husimama mgonjwa anapolala. Una tabia moja ya ajabu ambayo, ikijulikana, humaliza utata wote: wagonjwa wengi hugundua wenyewe hila ndogo inayofungua kope kwa muda. Mmoja hugusa nyusi, mwingine hutafuna, mwingine huimba au kupiga mluzi. Asiyejua huiona hila hiyo kuwa ushahidi kwamba mgonjwa anaigiza, kwa hoja kwamba kama anaweza kufungua macho akiimba, basi hana ugonjwa. Ukweli ni kinyume chake. Hila hiyo ni miongoni mwa alama za distonia, na anayeielewa anaweza kuukisia ugonjwa kwa swali moja: “Mama, kuna kitu ukifanya macho hufunguka?”

Dhana ya uigizaji si ya vijijini pekee. Mfaransa Henri Meige alieleza mwaka 1910 wagonjwa ambao mikakamao ya kope ilishika pamoja na ile ya uso na taya, lakini kwa miongo mingi baadaye madaktari wa Ulaya wenyewe waliendelea kuwapeleka wagonjwa wa namna hiyo kwa wataalamu wa akili. Ilikuwa mwaka 1976 ambapo David Marsden, daktari wa neva wa London, alitoa maelezo yaliyosaidia kuwashawishi wenzake kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo na si wa tabia. Kwa hiyo muuguzi wa wilayani anayemdhania mgonjwa wake kuwa anajifanya hana sababu ya kujiona mjinga kuliko maprofesa wa zamani. Ana sababu ya kutoirudia hatua waliyokwishaijutia.

Tiba ipo. Miaka ya 1970, Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alianza kuchunguza matumizi ya sumu ya botulinamu, ile ile inayoua watu kupitia vyakula vya makopo vilivyoharibika, akiidunga kwa kiasi kidogo mno kwenye misuli ya jicho ili kuilegeza. Desemba 1989 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa blefarospazimu. Hudungwa kwa sindano nyembamba katika sehemu kadhaa kuzunguka macho. Huanza kufanya kazi ndani ya siku chache na kudumu takriban miezi mitatu, kisha hudungwa tena. Huweza kusababisha kope kushuka, jicho kukauka au kuona vitu viwili viwili kwa muda, na madhara hayo huisha. Mtu aliyekuwa akiongozwa mkono hurudi kujiongoza mwenyewe.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki dawa hiyo haipatikani kwa urahisi, huhitaji kuhifadhiwa kwenye baridi, na bei yake humshinda mgonjwa wa kawaida. Jina lake linajulikana zaidi kwa kufuta mikunjo ya uso kuliko kwa kufungua macho ya waliofungwa. Hapa lawama haimhusu mtoa huduma wa zahanati. Hospitali za rufaa zenye madaktari wa macho na wa neva zinafaa kuwa na kliniki ya pamoja, hata kama ni siku moja kila baada ya miezi mitatu, ambapo wagonjwa wa aina hii wanakusanywa siku moja. Chupa moja ya dawa ikishafunguliwa hutumika ndani ya muda mfupi; wagonjwa wakija mmoja mmoja nyingi humwagwa, wakija pamoja hugawana gharama. Bima za afya nazo zinafaa kuulizwa kwa nini hospitali ikimrekebisha mtu mtoto wa jicho apate kuona hulipwa, na ikimfungulia kope apate kuona haieleweki inachotibu. Pasipo dawa hiyo, miwani ya rangi inayopunguza mwanga, machozi ya bandia na, zaidi ya yote, maelezo kwa familia hupunguza mateso ingawa hayayaondoi.

Upo ugonjwa wa tatu unaofanana na hiyo miwili kwa juu tu. Huanza kwenye jicho moja, kisha baada ya miezi au miaka hushuka shavuni na kuvuta pembe ya mdomo ya upande ule ule, vyote vikijikaza kwa wakati mmoja. Huu ni mkakamao wa nusu uso, na tofauti na blefarospazimu, huweza kuendelea hata usingizini. Mara nyingi chanzo chake ni mshipa wa damu unaoigusa na kuibana neva ya saba pale inapotoka kwenye shina la ubongo. Kwa nadra, ni uvimbe. Unahitaji picha ya ubongo, na tiba yake ni sindano hiyo hiyo au upasuaji wa kuutenga mshipa na neva. Aibu yake haimo vitabuni. Mwanamume mwenye mkakamao huo huonekana akiwakonyeza wake za watu. Mwanamke huonekana akiwaita wanaume. Wapo waliobadili njia za kwenda msikitini au kanisani kwa sababu hiyo.

Kuna mahali ambapo kope inayocheza haipaswi kusubiri hata saa moja. Mtoto mwenye homa, aliyelala asiamke, ambaye kope au pembe ya mdomo wake inatikisika kidogo, jicho limeelekea upande mmoja, mate yanamtoka na pumzi haina mpangilio, huyo ana degedege hata kama mikono na miguu imetulia. Waliowahudumia watoto wenye malaria kali ya ubongo wanafahamu kwamba degedege la namna hii hufichika, na mama huambiwa mtoto “amepumzika” wakati ubongo wake unaungua. Apimwe sukari ya damu, apewe dawa ya kusimamisha degedege na sindano ya artesuneti kwa mujibu wa mwongozo, na apelekwe rufaa. Kichanga naye, anayepepesa kope mfululizo huku akinyonya hewa au akisita kupumua, atazamwe kwa jicho hilo hilo. Kwa upande mwingine, mtoto mzima wa afya anayecheza mpira na kupepesa macho kila mara kwa kawaida ana mzio, anahitaji miwani, au ana tabia ya misuli itakayopita yenyewe asipokemewa mno.

Dawa ambazo mgonjwa anatumia ziulizwe pia, kwa kuwa baadhi huleta mikakamao ya uso na macho: haloperidoli na klopromazini zinazotolewa kliniki za afya ya akili, na metoklopramidi inayotolewa kwa kutapika. Binti aliyepewa metoklopramidi jana na leo macho yamegeukia juu na shingo imepinda hana mapepo; anahitaji dawa hiyo isimamishwe na sindano ya kuitengua.

Na katika maeneo yenye trakoma, kama yale ya Dodoma na ya jamii za wafugaji, anayepepesa na kufumba macho bila kukoma ageuzwe kope kabla ya jambo jingine lolote. Nywele za kope zilizogeukia ndani zikikwangua kioo cha jicho, msuli hujikaza ili kujilinda. Kinachotibu hapo ni upasuaji mdogo wa kurekebisha kope, nao ukicheleweshwa jicho hupofuka.

Kuyatenganisha haya yote hakuhitaji kifaa ambacho zahanati haina. Mtoa huduma aketi mbele ya mgonjwa na kumtazama usoni kwa dakika mbili bila kuandika. Kinachocheza ni kope moja au ni zote? Zinajifunga, au zinatetema tu? Shavu na mdomo vinahusika? Uso una nguvu sawa pande zote mgonjwa anapotabasamu na kufumba macho? Jicho ni jekundu, linatoa uchafu, kope imeshuka? Imedumu kwa muda gani, na amelala saa ngapi wiki hii? Anayejibu kwamba ni kope moja ya chini, kwa wiki mbili, na uso wote ni mzima, aelezwe, ashauriwe kuhusu usingizi na kafeini, na apewe tarehe ya kurudi endapo itaendelea kwa wiki kadhaa zaidi. Yeyote ambaye kope zinajifunga zenyewe, au mkakamao umehamia sehemu nyingine ya uso, au uso umelegea, apewe rufaa bila kujaribiwa matone kwanza.

Ugumu mmoja unabaki, nao waganga wa rufaa wanaufahamu vizuri. Mgonjwa wa blefarospazimu akiingia chumba cha daktari bingwa, akiwa na wasiwasi na ameelekeza akili yote kwenye mazungumzo, mara nyingine macho hufunguka yakatulia kabisa, na anarudishwa nyumbani kuwa hana tatizo. Kwa hiyo ndugu yake aombwe kumpiga picha ya video kwa simu siku ambayo hali imekuwa mbaya, nje, kwenye mwanga, akitembea au akisoma, na video hiyo iandamane na barua. Barua nayo iandike zaidi ya “tatizo la kope”: ni jicho moja au mawili, tangu lini, kama hutulia usingizini, ni hila gani inayoyafungua, na orodha ya matone yote ambayo mgonjwa amekwishatumia, pamoja na yale aliyojinunulia mwenyewe.